Mtengeneza barabara wa Slane: kaburi la mshairi wa Ireland aliyeuawa 1917

SWALI: Mimi naishi Ghent, Ubelgiji. Mwezi uliopita majirani zangu walinipeleka kuona makaburi ya vita ya Artillery Wood, kijiji cha Boezinge, karibu na Ypres. Kaburi moja lilikuwa limewekewa bendera ndogo ya Ireland na shairi lililofungwa kwenye nailoni. Jina: F. E. Ledwidge, koplo usu, 31 Julai 1917. Nilivyosoma shuleni, Waairishi walikuwa wakipigana na Mwingereza miaka hiyohiyo. Sasa huyu alitafuta nini katika jeshi la Mwingereza? Aliacha mke na watoto? Na kwao, walimlilia au walimkana?

JIBU: Dada yangu, nianze na lile jepesi. Hakuacha mke wala mtoto. Francis Ledwidge aliuawa zikiwa zimebaki siku 19 atimize miaka 30. Aliacha mama mjane aitwaye Anne, ndugu zake, akiwemo kitinda mimba Joe, pamoja na kitabu kimoja cha mashairi kilichokwisha kutoka na cha pili kilichokuwa mbioni kutoka.

Maswali yako mengine mawili yanahitaji nafasi. Wengi wanaomsimulia Ledwidge huanza na siasa, au na msichana aliyemkataa. Mimi wanafunzi wangu huwaanzishia na barabara, kwa sababu barabara ndiyo iliyomlisha na ndiyo aliyofia.

Slane ni kijiji cha wilaya ya Meath, kando ya mto Boyne, safari ya kama kilomita 50 kutoka Dublin. Kuna ngome ya mabwana, kuna mashamba mazuri ya malisho, na enzi hizo kulikuwa na watu wasio na hata kipande cha ardhi, wanaoamka asubuhi kuuza nguvu zao kwa siku. Patrick Ledwidge, baba yake, alikuwa mmoja wao. Francis alizaliwa 19 Agosti 1887, mtoto wa nane kati ya tisa. Alipokuwa na miaka kama mitano hivi baba akafariki ghafla, na Joe bado yuko mgongoni, miezi michache tu.

Hapo ndipo unapokutana na mama Anne. Mchana alikuwa kibarua kwenye mashamba ya watu. Usiku anafua, anafuma na kushona nguo za wenye nazo. Tegemeo lilikuwa kaka mkubwa, naye akiitwa Patrick kama baba, aliyekuwa akisomea ualimu. Angefika, nyumba nzima ingevuka. Badala yake alirudi nyumbani na kifua kikuu, akauguzwa mle mle ndani mpaka akafa. Baadaye Francis aliandika shairi juu ya mama yake akisema Mungu alimuumba siku moja ya mwezi wa Aprili, kutokana na huzuni na ukungu wa baharini. Ukishajua habari za nyumba ile, huzuni hiyo huioni tena kuwa pambo la mshairi.

Shule aliiacha akiwa na miaka kama 13. Alichunga, akalima, akawa mtumishi wa ndani. Alipofikisha miaka 16 mama yake alimtafutia nafasi ya kujifunza uuzaji kwenye duka la vyakula huko Rathfarnham, nje kidogo ya Dublin. Hakudumu. Usiku mmoja alikaa akaandika shairi kuhusu kijiji chake, akalimaliza, akatoka kimyakimya na kushika njia kwa miguu. Karibu kilomita 50, usiku kucha. Kwa mama aliyejinyima ili mwanawe apate kazi ya kivulini, kumkuta asubuhi mlangoni na viatu vya vumbi haikuwa habari njema. Alimpokea, na hakurudishwa Dublin.

Baada ya hapo ndipo tunampata Ledwidge wa koleo na sururu. Alifanya kazi ya kutengeneza barabara za wilaya. Akaingia mgodi wa shaba wa Beauparc, kilomita chache kutoka kwao, ambako aliwaongoza wenzake kugoma kwa sababu ya hali mbaya za kazi, akafukuzwa. Akarudi barabarani, safari hii akiwa mnyapara. Akawa katibu wa chama cha wafanyakazi cha Meath tawi la Slane, kisha akaingia halmashauri ya wilaya ya Navan. Mtoto wa kibarua sasa anakaa meza moja na wenye mashamba, na hakuwa mtu wa kunyamaza kikaoni.

Mashairi yalikuwa yakitoka muda wote huo katika gazeti la Drogheda. Mwaka 1912 alifunga daftari lake akalituma kwa Lord Dunsany, mwandishi na bwana mwenye ngome yake humo humo Meath. Dunsany alimfungulia maktaba yake, akamsahihisha, akamtambulisha kwa waandishi wa Dublin. Ndiye aliyemwita mshairi wa ndege mweusi, yule ndege wa bustani za Ulaya anayeimba jioni. Lakini zingatia: Dunsany alikuwa pia ofisa wa jeshi la Uingereza.

Sasa tuje 1914, mwaka Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza. Ireland ilikuwa inatawaliwa kutoka London. Sheria ya kuipa Ireland bunge lake yenyewe ilipitishwa Septemba mwaka huo, na papo hapo ikawekwa kando mpaka vita viishe. Kiongozi wa wabunge wa Ireland, John Redmond, akawaambia vijana wa jeshi la kujitolea la Irish Volunteers waende wakapigane upande wa Uingereza, ili ahadi ile isipotee. Wengi sana walimfuata. Wachache walikataa, wakisema vita vya Mwingereza si vyao.

Francis na Joe ndio walioanzisha kikosi cha Volunteers pale Slane. Redmond alipotoa wito wake, Francis alisimama na wachache waliokataa. Katika vikao vya Navan alibaki peke yake akipinga, wenzake wakamzomea na kumwambia anawapendelea Wajerumani. Siku chache tu baadaye, 24 Oktoba 1914, huyohuyo akaenda kambi ya Richmond, Dublin, akajiandikisha katika kikosi cha 5 cha Royal Inniskilling Fusiliers. Kikosi cha Dunsany.

Nimewasikia wenye majibu ya haraka. Wa kwanza husema ni njaa. Ni kweli kazi zake zilikuwa za muda, na ni kweli askari alilipwa, tena mama au ndugu waliomtegemea waliweza kudai posho serikalini. Lakini Dunsany mwenyewe, aliyekwisha kuvaa gwanda, hakutaka kijana huyu aende. Alikuwa tayari kumpa fedha ili abaki nyumbani aandike. Kwa hiyo tumbo peke yake halitoshi kuwa jibu.

Wa pili husema ni mapenzi. Huyo ana hoja. Ledwidge alimpenda Ellie Vaughey, msichana ambaye kaka zake walikuwa na ardhi kwenye kilima cha Slane. Mwenye ardhi na mtengeneza barabara, hata kama hakuna aliyetamka, kila mtu alijua hesabu ile haitoki. Ellie alimwacha, akaolewa na mwingine. Katikati ya mwaka 1915 alifariki Manchester, Uingereza, kwa uzazi. Mashairi ya Ledwidge ya baada ya hapo yamejaa mwanamke asiyetajwa jina. Lakini kuachwa kunamtoa mtu kijijini, hakumchagulii jeshi.

Sababu yake mwenyewe aliiandika Juni 1917 akiwa mstari wa mbele, katika barua kwa profesa mmoja wa Marekani aliyetaka kujua maisha yake. Alisema alijiunga kwa sababu Uingereza ilisimama kati ya Ireland na adui wa ustaarabu wao wote, na hakutaka ije kusemwa kwamba iliwalinda wakati wao wako nyumbani wanapitisha maazimio tu. Maazimio! Neno hilo linanuka kikao cha Navan. Nionavyo mimi, na hapa natoa maoni, huyu ni mtu aliyechoka kuitwa mwoga na watu ambao wenyewe hawakuwa na nia ya kwenda popote, akaamua kuwaonyesha kwa mwili wake. Aliingia jeshini bila kubadili msimamo wake juu ya Ireland. Vyote viwili alivibeba kwenye shanta moja, na vikaja kumlemea.

Niweke jambo moja hapa kwa faida ya wasomaji wa kwetu, maana najua mtamlinganisha na babu zenu. Sheria ya Uingereza ya kuandikisha askari kwa lazima ya mwaka 1916 haikuigusa Ireland. Waairishi kama 200,000 waliovaa gwanda lile katika vita hivyo walikwenda kwa hiari, ingawa hiari ya mtu asiye na ardhi ina mashaka yake. Mwaka huohuo wa 1917 aliouawa Ledwidge, wanaume wa Kenya walikuwa wanakamatwa kwa maelfu kubebeshwa mizigo ya jeshi, lile jeshi la wapagazi lililotuachia jina la Kariakoo. Bendera moja, lakini milango ya kuingilia haikufanana. Makaburi nayo hayakufanana. Ukipita makaburi ya vita ya Dar es Salaam, utayakuta mawe meupe yaleyale uliyoyaona Boezinge, yanatunzwa na tume ileile ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola. Ila wapagazi walio wengi hawakupata jiwe lenye jina.

Tuendelee na askari wetu. Agosti 1915 alishushwa ghuba ya Suvla, Gallipoli, huko Uturuki, ambako kikosi chake kiliumizwa vibaya na Waturuki, jua na kiu. Kutoka huko wakapelekwa Serbia, na Desemba wakarudi nyuma kuelekea Salonika, Ugiriki, katikati ya theluji, wakitembea. Mgongo wake ulisalimu amri. Akalazwa, akapelekwa Misri, na Aprili 1916 akafikishwa hospitali Manchester, mji uleule aliofia Ellie.

Akiwa Manchester ndipo habari za Dublin zikamfikia. Jumatatu ya Pasaka, 24 Aprili 1916, wale wachache aliosimama nao mwaka 1914 walikuwa wameteka majengo ya katikati ya jiji na kutangaza jamhuri. Jeshi la Uingereza likawazima kwa mizinga, kisha likaanza kuwapiga risasi viongozi wao. Miongoni mwa watatu wa kwanza, alfajiri ya 3 Mei, alikuwa Thomas MacDonagh, mshairi na mhadhiri wa chuo kikuu ambaye Ledwidge alimfahamu na kumheshimu. Hebu piga picha: wewe uko kitandani, nguo iliyotundikwa pembeni yako ni gwanda la jeshi lililomuua.

Alichofanya ni kuandika. Shairi lake la kumlilia MacDonagh ndilo bora kuliko yote aliyoandika, na lina maneno machache tu, bila matusi wala bendera. Linasema marehemu hatamsikia tena yule ndege wa matopeni akilia kwenye anga la mwituni, pale alipolazwa. Baadaye mistari hiyohiyo ilichongwa kwenye bamba la kumkumbuka Ledwidge mwenyewe pale daraja la Slane, na watu wengi wanaosimama kuisoma hudhani aliandikiwa yeye.

Alipopewa likizo akaenda kwao. Joe alimuuliza anavyojisikia sasa, na jibu lake familia haikulisahau: kama Wajerumani wangekuwa wanaruka ukuta wa nyuma ya nyumba yetu, nisingeinua hata kidole kuwazuia. Waje tu. Alichelewa kurudi kambini, alikuwa amelewa, akamjibu vibaya ofisa. Akashtakiwa kijeshi na tepe yake ya koplo usu ikang'olewa begani. Miezi iliyofuata aliikalia kambi ya Ebrington, Derry. Tepe alirudishiwa mwanzoni mwa 1917, akiwa tayari amehamishiwa kikosi cha 1 cha Inniskilling na kuvushwa Ufaransa.

Kwa nini hakutoroka? Wanafunzi huniuliza hili kila mwaka. Adhabu ya kutoroka iliweza kuwa risasi, hilo la kwanza. La pili, barua zake za wakati ule zinaonyesha mtu anayewajali walio naye kwenye handaki kuliko anavyoijali serikali iliyomtuma. Katika barua ile ya Juni 1917 anasema huenda atakuwa amekufa kabla haijafika, ila sehemu yake atakuwa ameifanya.

Na sasa Boezinge. Tarehe 31 Julai 1917, kabla ya mapambazuko, ndiyo siku yalipoanza mapigano makubwa ambayo watu huyaita ya Passchendaele. Kikosi cha Ledwidge hakikutumwa kushambulia. Kiliwekwa nyuma ya mstari kufanya kazi: kutandika njia ya mbao juu ya matope ili mizinga, chakula na majeruhi vipite. Asubuhi hiyo alikuwa amehudhuria misa na kukomunika. Mchana mvua ikaanza, ile mvua iliyokuja kugeuza uwanja wote kuwa kinamasi. Mbao zinabebwa mabegani, zinalazwa moja baada ya nyingine, zinagongomewa, mtu anasogea hatua. Kazi aliyoifahamu tangu ujana wake, tofauti ni kwamba huku barabara ilikuwa inapigwa makombora. Wakapumzishwa wanywe chai. Wakiwa na vikombe mkononi, kombora likaangukia kando yao, likamuua yeye na wenzake kadhaa. Padri wa kikosi, Father Devas, aliandika katika shajara yake siku hiyo kwamba Ledwidge ameuawa, amesambaratika vipande. Jana aliungama, leo asubuhi alikuja misa na kupokea komunyo.

Walimzika palepale, njia panda iliyoitwa Carrefour de Rose. Vita vilipokwisha, makaburi madogo ya eneo lile yalikusanywa, na mabaki yake yakahamishiwa Artillery Wood, ambako wamelala zaidi ya watu 1,300. Zaidi ya 500 kati yao hawana majina. Ungetembea safu chache kutoka pale uliposimama ungelikuta kaburi la Ellis Evans, mchunga kondoo wa Wales anayejulikana kwa jina la ushairi la Hedd Wyn. Aliuawa siku ileile, vita vilevile. Septemba mwaka huo jina lake lilitangazwa mshindi wa shindano kuu la mashairi la Wales, na kiti cha ushindi kikafunikwa kitambaa cheusi kwa kuwa mwenyewe hakuwepo kukikalia. Hakuna ushahidi kwamba wawili hawa waliwahi kuonana.

Umeuliza kama kwao walimlilia au walimkana. Mama alimlilia, hilo halina mjadala. Nchi ilifanya jambo la tatu: ilinyamaza. Familia za waliokufa katika jeshi la Uingereza zilipelekewa kisahani kizito cha shaba, upana wa sentimita 12 hivi, chenye jina la marehemu na maneno kwamba alikufa kwa ajili ya uhuru na heshima. Watu walikibatiza senti ya marehemu. Sasa kiweke kisahani hicho kwenye nyumba ya Ireland ya mwaka 1920, wakati vijana wa kijijini wanawindana na askari wa Mfalme. Uhuru gani? Vingi viliishia chini ya sanduku la nguo. Nchi ilipopata kujitawala, mashujaa wa kuimbwa walikuwa wale wa Pasaka. Waliofia Flanders ya Ubelgiji, Gallipoli na kwingineko, wanaokadiriwa kuwa kama 30,000, walitajwa kwa sauti ya chini, ndani ya familia tu. Bustani ya kumbukumbu yao huko Islandbridge, Dublin, ilikamilika miaka ya 1930, lakini uzinduzi rasmi ukasubiri mpaka 1988.

Ledwidge alikuwa na bahati kuliko wenzake, kwa sababu mbili. Alikuwa na mashairi, na shairi lake maarufu linamlilia shujaa wa Pasaka, kwa hiyo hata mzalendo mkali alipata pa kumshika. Vilevile alikuwa na Dunsany, aliyesimamia kitabu cha mwisho kikatoka 1918. Yule mwalimu wa kijiji, mkulima au mpishi aliyekufa pembeni yake bila kuandika mstari hata mmoja, hakupata mtu wa kumtetea.

Nyumba yao ya Janeville, nje kidogo ya Slane, bado ipo. Ni nyumba ndogo ya mawe ya zile zilizojengewa vibarua, na tangu 1982 ni makumbusho. Ukiingia utashangaa udogo wa vyumba. Watoto tisa walipitia humo.

Ukirudi Boezinge, usiishie makaburini. Toka, fuata barabara kama mita mia chache, utaikuta nguzo ya kumbukumbu iliyosimamishwa 1998 karibu na pale kombora lilipoanguka. Waendesha baiskeli hupita hapo siku nzima, maana siku hizi ni lami.